Charles Steinmetz, Mpimaji wa Umeme Ugeukao

Katika mji wa Breslau, tarehe 9 Aprili mwaka 1865, alizaliwa mtoto mwanamume, akapewa majina ya Karl August Rudolf Steinmetz. Siku zile Breslau ulikuwa mji wa Wajerumani. Vita kuu ya pili ilipokwisha mwaka 1945, mji huo ulitiwa katika nchi ya Poland, ukaitwa Wrocław, na ndilo jina lake hata leo. Watu wa Tengeru si wageni wa habari za Poland, maana tangu mwaka 1942 maelfu ya Wapolandi waliotolewa makwao na vita waliwekwa kambini papo hapo Tengeru, chini ya mlima Meru, na makaburi yao yangaliko. Steinmetz hakuwa mmoja wao, wala hakupata kuiona Afrika. Lakini naye aliikimbia nchi aliyozaliwa, akawa mgeni katika nchi ya watu, kama tutakavyosimulia.

Mtoto huyo alizaliwa na kibiongo. Mgongo wake ulipinda, nyonga zake hazikukaa sawa, na miguu yake ilikuwa mifupi. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa kama futi nne tu, yaani kimo cha mtoto wa miaka saba. Baba yake alikuwa na kilema kama hicho, na babu yake vilevile. Mama yake alikufa mtoto alipokuwa na umri wa mwaka mmoja, naye akalelewa na baba yake na bibi yake. Baba alifanya kazi ya uchapaji katika ofisi za reli. Hakuwa tajiri, lakini mwanawe alipelekwa shule, na huko ilionekana upesi ya kuwa mwili ule uliopinda ulikuwa na akili iliyonyoka kama uzi wa fundi.

Mwaka 1883 aliingia chuo kikuu cha Breslau, akasoma hesabu na elimu ya nguvu za asili. Wanafunzi wenzake wakampa jina la utani, Proteus. Katika ngano za Wayunani wa kale, Proteus alikuwa mzee wa baharini aliyejua siri nyingi. Mtu akimkamata ili ampe siri hizo, hujigeuza mara simba, mara nyoka, mara maji; lakini mtu akimshika sana asimwachilie, mwisho hurudia umbo lake na kusema. Steinmetz alilipenda jina hilo, akalichukua liwe lake hasa.

Siku zile serikali ya Ujerumani, chini ya Bismarck, ilikuwa na sheria kali juu ya wasoshalisti, yaani watu waliodai kwamba wafanya kazi wapewe haki zaidi katika mali ya nchi. Steinmetz alijiunga na wanafunzi wa upande huo, akawa akiandika katika gazeti lao. Mwaka 1888, alipokuwa karibu kumaliza maandiko ya kumpatia shahada ya udaktari, alipata habari kwamba polisi wanamtafuta. Akaiacha shahada, akamwacha na baba yake, akavuka mpaka kwa siri, na mwisho akafika Zürich katika nchi ya Uswisi.

Huko Zürich alikuwa na rafiki, jina lake Oscar Asmussen, ambaye alikuwa akienda Marekani. Asmussen akakubali kumlipia nauli. Wakapanda meli ya Kifaransa, wakasafiri katika daraja la chini kabisa, wakafika New York mwezi wa Juni mwaka 1889. Pale bandarini palikuwa na maofisa wa kuwakagua wageni, na sheria iliwaamuru kuwarudisha wale ambao hawangeweza kujilisha wenyewe. Maofisa wakamtazama Steinmetz. Wakaona mtu mfupi mno, mwenye kibiongo, asiye na fedha, asiyejua Kiingereza ila maneno machache. Wakanuia kumrudisha alikotoka. Ndipo Asmussen akasimama mbele yao, akaonyesha fedha, akawaambia kuwa yeye atamtunza mwenzake, na kwamba mtu huyu ana elimu kubwa ambayo nchi ya Marekani itaifurahia. Maofisa wakasita, kisha wakamwacha apite. Yafaa kukumbuka jambo hilo, maana kama Asmussen angalinyamaza siku ile, habari yote inayofuata isingalikuwapo.

Basi Steinmetz akaanza kutafuta kazi. Katika mji wa Yonkers, karibu na New York, palikuwa na mzee mmoja, Rudolf Eickemeyer, ambaye naye alikuwa Mjerumani aliyehamia Marekani katika ujana wake. Mzee huyo alikuwa na karakana iliyotengeneza mitambo ya kushona kofia, na siku hizo ameanza kutengeneza mota za umeme. Akamwajiri Steinmetz kuwa mchoraji wa ramani za mitambo, kwa mshahara wa dola 12 kwa juma. Steinmetz akakata majina yake ya Kijerumani, akajiita Charles Proteus Steinmetz.

Hapa yatupasa kwanza kueleza kazi iliyomngojea, ndipo mtakapojua ukubwa wake.

Maji ya mto Tengeru hushuka kutoka mlimani kwenda upande mmoja tu, mchana na usiku; hayarudi nyuma kupanda mlima. Umeme utokao katika betri ya tochi ni kama maji hayo: hutoka upande mmoja, hurudi kwa upande wa pili, wala haugeuki. Lakini iko namna nyingine ya umeme, ambayo mafundi huiita mkondo geu. Ukitaka kuifahamu, wakumbuke wapasua mbao wawili wenye msumeno mrefu. Mmoja huvuta juu, mwenzake huvuta chini. Msumeno huenda huku na kurudi huku, na jioni msumeno uko palepale ulipokuwa asubuhi, lakini gogo limepasuliwa. Mkondo geu hufanya vivyo hivyo ndani ya waya. Huenda mbele, hurudi nyuma, nao kwa kwenda na kurudi huwasha taa na kuzungusha mota.

Kwa nini watu waliutaka umeme wa namna hiyo? Kwa sababu ya safari ndefu. Umeme usiogeuka wa siku zile haukuweza kupelekwa mbali kwa faida. Baada ya maili moja au mbili ulikuwa umepotea njiani kwa kuzitia nyaya joto. Lakini mkondo geu huweza kupitishwa katika chombo kiitwacho transfoma, nacho huupandisha volti zake mpaka maelfu. Umeme wenye volti nyingi husafiri mbali kwa hasara ndogo, na ukifika mjini transfoma nyingine huushusha tena usiue watu. Bwana Edison alishindana sana na wale waliotaka mkondo geu, lakini mwisho walimshinda.

Walishinda, walakini hawakujua kuupima vizuri. Jambo lisilogeuka hupimika kwa urahisi. Ukisema fimbo hii ina futi tatu, itakuwa na futi tatu hata kesho. Sasa waulize wale wapasua mbao: msumeno wenu una mwendo gani? Watajibu nini? Katikati ya mvuto msumeno huenda mbio. Mwisho wa mvuto husimama kitambo kidogo. Kisha huenda mbio tena, lakini kwa upande mwingine. Ukijumlisha mwendo wa juu na mwendo wa chini, jumla ni sifuri, na tena waona wazi kwamba jibu hilo ni la kipuuzi, maana mbao ziko chini zimepangwa.

Njia moja ni kuupima msumeno kwa unga wa mbao. Ndivyo walivyofanya wataalamu wa umeme. Waliutazama mkondo geu kwa joto linalotoka, wakauliza: umeme usiogeuka ungekuwa na volti ngapi ili kutoa joto kama hili? Hesabu hiyo ndiyo iandikwayo juu ya taa na pasi zetu. Katika Tanzania umeme wa nyumbani huitwa wa volti 230. Hizo ni volti za joto. Kwa kweli, kila mara umeme unapofika katika kilele cha wimbi lake, volti hupanda mpaka karibu 325, kisha hushuka hata sifuri, zikageuka, zikafika tena 325 kwa upande wa pili. Mwendo mmoja mzima wa kwenda na kurudi huchukua sehemu moja ya hamsini ya sekunde, kwa hiyo katika sekunde moja ipo miendo 50. Idadi hiyo huitwa hezi 50, kwa kumheshimu Mjerumani Heinrich Hertz, aliyezaliwa mwaka 1857 akafa kijana mwaka 1894. Kabla hujamaliza kutamka jina la Tengeru, umeme katika taa iliyo juu ya kichwa chako umekwisha kugeuka mara nyingi.

Na umbo la wimbi lenyewe? Chukua baiskeli, uigeuze miguu juu. Funga kitambaa chekundu penye ukingo wa gurudumu, ulizungushe taratibu kwa mwendo usiobadilika. Mwambie mwenzako atazame kitambaa tu, aandike urefu wake kutoka usawa wa ekseli: kinapanda upesi, kinakawia kileleni, kinashuka upesi, kinakawia chini. Akiviandika vipimo hivyo karatasini kimoja baada ya kingine na kuviunga kwa mstari, atapata wimbi laini lenye mgongo na bonde. Wimbi hilo ndilo wimbi la mkondo geu. Mitambo ya umeme hutoa wimbi la namna hiyo kwa kuwa nayo huzunguka.

Sasa tumrudie Steinmetz katika karakana ya mzee Eickemeyer. Jambo la kwanza lililomsumbua lilikuwa joto la chuma. Ndani ya kila mota na kila transfoma kuna chuma ambacho umeme hukifanya kuwa sumaku. Umeme ukigeuka, sumaku nayo lazima igeuke, mara nyingi katika sekunde moja. Shika waya mnene, uukunje huku na huku upesi upesi; baada ya kitambo utaona pale unapoukunja pamepata moto. Chuma cha sumaku hupata joto kwa namna inayofanana na hiyo, na joto hilo ni nguvu iliyopotea bure. Wajenzi wa mitambo walijua kwamba hasara ipo, lakini hawakujua kiasi chake mpaka mtambo umekwisha kujengwa na kulipiwa. Pengine mota ilipata moto hata ikaungua, wakaanza nyingine.

Steinmetz akakusanya vipimo vilivyoandikwa na wengine, akapima na yeye mwenyewe vipande vya chuma vya namna nyingi, akafanya hesabu usiku na mchana. Katika vurugu ile ya tarakimu akaona kanuni moja. Nguvu ya sumaku ikiongezwa mara mbili, hasara haiongezeki mara mbili, wala mara nne, bali kama mara tatu hivi. Na kanuni ileile ilifaa kwa chuma cha kila namna alichokipima, ila kila chuma kilikuwa na namba yake. Mwezi wa Januari mwaka 1892 aliyasoma hayo mbele ya mkutano wa wahandisi wa umeme katika New York. Alikuwa na umri wa miaka 26, na katika Marekani hajakaa hata miaka mitatu. Tangu siku ile fundi aliweza kukaa mezani kwa kalamu na kujua hasara ya mtambo ambao haujajengwa bado.

Jambo la pili lilikuwa kubwa kuliko hilo. Mmepata kuona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Michi hiyo hupanda na kushuka kwa kadiri moja, lakini haishuki pamoja. Mmoja ukiwa juu, wa pili uko chini. Mafundi husema kwamba michi hiyo haina awamu moja. Ndivyo ilivyo kwa mikondo geu. Mikondo miwili yaweza kuwa na hezi 50 yote miwili, na hata hivyo mmoja ukatangulia na mwingine ukafuata nyuma. Hata katika waya mmoja, ikiwa waya huo umezungushwa kama koili, volti hutangulia na mkondo huchelewa. Na wanawake wakiwa watatu katika kinu kimoja, wakipokezana bila kugongana, kinu hakipumziki kabisa. Hiyo ni picha ya umeme wa njia tatu uzungushao mashine za kusaga.

Basi tazameni taabu iliyotokea. Waya mmoja una mkondo wa ampea 3, waya wa pili una ampea 4, nazo zinaungana katika waya wa tatu. Je, waya wa tatu una ampea ngapi? Mtoto wa darasa la kwanza atasema 7. Lakini fundi alipoweka kipimo chake aliona pengine 7, pengine 5, na pengine 1 tu! Si kwamba kipimo ni kibovu, wala si kwamba hesabu imekufa. Mawimbi mawili yakipanda pamoja hujumlika. Moja likipanda wakati mwenzake anashuka, hupunguzana. Ili kupata jibu, wataalamu wa siku zile walilifuata kila wimbi nukta kwa nukta kwa hesabu ngumu za chuo kikuu, wakajaza kurasa nyingi kwa ajili ya swali moja dogo. Mafundi wa karakana hawakuziweza.

Steinmetz akafikiri hivi. Ikiwa mawimbi yote yana kadiri moja ya kugeuka, hakuna haja ya kulitazama wimbi lote. Mambo mawili tu yatosha: kimo chake, na muda linaotangulia au kuchelewa. Akachukua mshale mmoja badala ya wimbi zima. Urefu wa mshale ni nguvu ya wimbi, na upande unaoelekea ni awamu yake. Na kujumlisha mishale ni kama kufuata njia. Mtu akitoka nyumbani, akaenda maili 3 kaskazini, kisha akaenda maili 4 mashariki, miguu yake imekwenda maili 7, lakini kutoka hapo hadi nyumbani kwa mstari ulionyoka ni maili 5. Ndiyo sababu ampea 3 na ampea 4, mmoja ukichelewa kwa robo ya mwendo, zikaleta ampea 5.

Lakini mishale huchorwa kwa penseli na rula, na penseli hukosa. Steinmetz alitaka kuiandika kwa namba. Hapo akakumbuka namba moja ya ajabu ambayo wanahesabu waliijua kwa miaka mingi, na watu wengi waliidhani ni mchezo wa wenye vyuo tu: namba ambayo ukiizidisha kwa nafsi yake huleta hasi moja. Msiogope. Simama katika uwanja wa shule ukiutazama mlima Meru. Geuka kwa robo ya mzunguko kwa mkono wa kushoto. Sasa waelekea upande wa Arusha mjini. Geuka tena robo nyingine vilevile; sasa mlima umeupa kisogo. Kugeuka robo mara mbili ni kugeuka nyuma kabisa, na katika hesabu nyuma ndiyo hasi. Basi namba ile ya ajabu si kitu ila amri ya kugeuka robo. Kwa amri hiyo moja Steinmetz aliweza kuandika kila wimbi kwa namba mbili, moja ya kwenda mbele na moja ya kugeuka kando, akazijumlisha na kuzizidisha kama hesabu za shule.

Mwaka 1893 palikuwa na mkutano mkubwa wa wataalamu wa umeme katika Chicago, naye akawaeleza njia hiyo. Ni haki kusema kwamba hakuwa peke yake. Arthur Kennelly, aliyezaliwa Bombay katika Uhindi, aliandika mwaka uohuo juu ya jambo lililo karibu sana na hilo. Lakini ni Steinmetz aliyeifanya njia hiyo kuwa chombo cha kila siku. Mwanzoni wachache tu walimfahamu. Hakuchoka: mwaka 1897 alitoa kitabu kizima juu ya mkondo geu, kisha vingine, akavifundisha tena na tena mpaka vijana wakazoea. Proteus alikuwa ameshikwa, na sasa akasema.

Mwaka ule wa 1893 kampuni kubwa ya General Electric iliinunua karakana ya Eickemeyer, na Steinmetz akaenda pamoja nayo. Mwaka 1894 akahamia mji wa Schenectady, akakaa huko mpaka kufa kwake. Mambo yalikwenda mbio siku zile. Mwezi wa Novemba mwaka 1896, mwezi mmoja tu baada ya wamisionari Ovir na Segebrock kuuawa huko Akeri, karibu na Tengeru, umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo kwa mkondo geu, safari ya maili ishirini na zaidi.

Kwetu mambo hayo yalichukua muda mrefu zaidi. Mito ya Meru, Tengeru ukiwa mmojawapo, huingia katika Kikuletwa. Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji huitwa Pangani. Njiani kwenda baharini maji hayo huzungusha mitambo ya Nyumba ya Mungu, kisha ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, kisha ya maporomoko ya Pangani, ambayo mtambo wake mpya ni wa mwaka 1995. Umeme wake huingia katika gridi moja na umeme wa mito mingine na wa gesi. Haviwezi kuungana ovyo. Kila mtambo, kabla ya kuunganishwa, lazima uwe na hezi 50 kama wengine, volti zake ziwe sawa, na mawimbi yake yapande na kushuka pamoja na ya wengine. Usipofanya hivyo ni kama mtwangaji aingizaye mchi wake kinuni bila kuangalia wenzake. Wahandisi hufanya hesabu hizo kwa mishale ya Steinmetz hata leo.

Huko Schenectady alipata heshima. Tangu mwaka 1902 alikuwa mwalimu katika Union College, chuo cha mji huo, na mwaka 1903 chuo hicho kikampa udaktari, badala ya ule alioukosa Breslau kwa kukimbia. Lakini maisha yake ya nyumbani yalikuwa na upweke. Alikuwa amekata shauri kutokuoa, kwa hofu ya kuwarithisha watoto kilema cha ukoo wake. Alijenga nyumba kubwa, akakaa peke yake na viumbe vyake: katika nyumba ya vioo alipanda mipungate na maua ya okidi, na alifuga mamba, ambao sisi tungeshangaa kuona mtu akiwalisha kwa hiari yake. Kisha akamwita msaidizi wake kijana, Joseph Hayden, aje kukaa naye pamoja na mkewe. Akamfanya Hayden kuwa mwanawe kwa sheria. Watoto watatu wa Hayden wakazaliwa, nao wakamwita babu, na tangu hapo nyumba haikuwa kimya.

Wakati wa kiangazi alikwenda kukaa katika kijumba cha mbao karibu na mto Mohawk. Huko alipakia karatasi zake katika mtumbwi, akaweka ubao juu yake uwe meza, akaelea mtoni akifanya hesabu. Hesabu ngumu alizifanya kwa kichwa, na wageni waliomtembelea hawakuweza kumfuata.

Hakuyasahau mambo yaliyomfukuza kwao. Mwaka 1911 watu wa Schenectady walipowachagua wasoshalisti kuuongoza mji, Steinmetz aliingia katika baraza la shule, akawa mwenyekiti wake. Walijenga shule, wakawapa watoto vitabu bila malipo, wakaweka wauguzi mashuleni, na madarasa ya kuwasaidia watoto wa wageni wasiojua Kiingereza. Mtu aliyesimama bandarini bila kujua lugha ya wakaguzi alijua maana ya madarasa hayo.

Katika uzee wake jambo moja lilimvuta, nalo ni radi. Nguzo na nyaya za umeme zilipigwa na radi, na miji ikaingia gizani. Mwaka 1920 radi ilikipiga kijumba chake cha mtoni, ikavunja kioo cha kujitazamia vipande vipande. Mwingine angalivitupa. Steinmetz alivikusanya vyote, akavipanga upya kimoja kimoja, apate kuona alama za njia iliyopitwa na radi. Mwaka 1922 alikuwa amekwisha kutengeneza mtambo wa kutoa radi ndogo ndani ya nyumba, yenye volti 120,000, ikapasua magogo mbele ya wageni. Bwana Edison, ambaye sasa ni mzee, alikuja kuitazama. Kwa mtambo huo wahandisi walipata kujaribu vyombo vya kuzikinga nyaya, wasingoje mvua ya ngurumo.

Mwaka 1923 alisafiri pamoja na jamaa ya Hayden mpaka pwani ya magharibi ya Marekani, akihutubia watu katika miji mingi. Alirudi amechoka. Asubuhi ya tarehe 26 Oktoba, mjukuu alipompelekea chakula chumbani, alimkuta amekufa kitandani. Umri wake ulikuwa miaka 58. Nyumba yake kubwa ilibomolewa baadaye, na mahali pake pakawa bustani ya mji. Kile kijumba cha mbao cha mtoni kilihamishwa na Henry Ford mpaka katika makumbusho yake ya Greenfield Village, katika jimbo la Michigan, na watoto wa shule huenda kukitazama.